Kusoma Maisha ya Nyota katika Anga la Januari

Hakuna mwanadamu aliyewahi kuishuhudia nyota moja ikizaliwa, ikikomaa na kufa, kwa sababu hata nyota zenye maisha mafupi kuliko zote huishi miaka milioni kadhaa. Elimu iliyopo leo kuhusu maisha ya nyota imepatikana kwa njia nyingine, yaani kwa kutazama nyota nyingi za umri mbalimbali kwa wakati mmoja na kuzipanga kwa mfuatano. Mwanafalaki William Herschel, aliyefanya kazi yake Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, aliifananisha mbingu na bustani iliyostawi, ambamo mmea unaochipua, unaochanua na unaonyauka yote huonekana kwa siku moja, hivyo mtazamaji halazimiki kungoja mmea mmoja upite hatua zake zote. Makala haya yanamshauri msomaji wa Afrika Mashariki namna ya kuitumia njia hiyo kwa macho yake mwenyewe, bila mitambo ya gharama, katika kipande kimoja cha anga ambacho kwa bahati njema hupita juu ya utosi wake kila mwanzo wa mwaka: anga linalolizunguka kundi la Jabari, ambalo vitabu vya kigeni huliita Orion. Katika eneo hilo mna nyota zinazozaliwa, nyota changa, nyota za makamo, nyota zilizozeeka, nyota iliyo karibu kufa na masalia ya nyota zilizokwisha kufa, na mtu mwenye subira anaweza kuzipitia hatua hizo zote kwa usiku mmoja.

Kabla ya kutoka nje, msomaji anashauriwa kuwa na kanuni moja kichwani, kwani bila kanuni hiyo nyota hubaki kuwa nukta za mwanga tu. Nyota ni tufe kubwa la gesi yenye joto kali, ambayo sehemu yake kubwa mno ni hidrojeni na heli; jambo hili lilidhihirishwa na Cecilia Payne mwaka 1925 katika tasnifu yake ya uzamivu, wakati ambapo wanasayansi wengi waliamini kwamba nyota zimeundwa kwa elementi zilezile, na kwa viwango vilevile, kama dunia. Ndani ya tufe hilo nguvu mbili hushindana bila kukoma: uvutano, unaokivuta kila kipande cha maada kuelekea katikati, na msukumo wa gesi ya moto, unaoelekea nje. Nyota hudumu muda wote ambao nguvu hizo zinalingana, na kinachoufanya ulinganifu huo uwezekane ni myeyungano wa nyuklia, yaani kitendo cha viini vya hidrojeni kugongana kwa kasi kubwa hata vikaungana na hatimaye kuwa viini vya heli, huku sehemu ndogo ya maada ikigeuka kuwa nishati. Katika kitovu cha Jua, ambako joto hufikia nyuzi milioni 15 za Selsiasi, takriban tani milioni 600 za hidrojeni hugeuzwa kila sekunde, na tani kama milioni 4 kati ya hizo hukoma kuwa maada na kutoka kama mwanga na joto.

Kanuni yenyewe ni kwamba tungamo, yaani wingi wa maada ambayo nyota ilizaliwa nayo, ndilo linaloamua karibu kila jambo litakaloipata nyota hiyo: mng'ao wake, rangi yake, urefu wa maisha yake na namna ya kifo chake. Mtu angeweza kudhani kwamba nyota kubwa, kwa kuwa ina akiba kubwa zaidi ya hidrojeni, huishi muda mrefu zaidi, lakini ukweli ni kinyume kabisa, kwa sababu uvutano mkali wa nyota kubwa hukibana kitovu chake na kukipasha joto kiasi cha kuitumia akiba hiyo kwa kasi isiyo na uwiano na ukubwa wake. Jua litaishi jumla ya miaka bilioni 10 hivi. Nyota yenye tungamo mara 10 ya Jua humaliza maisha yake kwa makumi ya mamilioni ya miaka tu. Nyota ndogo nyekundu yenye sehemu moja ya kumi ya tungamo la Jua inaweza kudumu kwa matrilioni ya miaka, ambao ni muda mrefu mara nyingi kuliko umri wote wa ulimwengu, unaokadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8. Anayeishika kanuni hii huweza kuitazama nyota ya samawati yenye mng'ao mkubwa na kujua papo hapo kwamba ni lazima iwe changa, kwa kuwa nyota za aina hiyo hazijaliwi uzee mrefu.

Kuhusu majira, kipindi bora kwa sehemu kubwa ya Kenya na Tanzania ni Januari na Februari, kati ya mvua za vuli na masika, wakati anga huwa wazi kwa usiku mwingi. Usiku ufaao ni ule usio na mwezi, yaani wiki inayoanza siku chache kabla ya mwezi kuandama na kuendelea siku chache baada yake, kwa sababu mwezi mpevu huvifuta vitu vyote hafifu ambavyo makala haya yanavieleza. Macho huhitaji kati ya dakika 20 na 30 gizani kabla ya kufikia uwezo wake, na mwanga wa simu kwa sekunde chache huiharibu kazi hiyo yote. Hivyo mtazamaji anayehitaji kusoma ramani na afunike tochi yake kwa karatasi au kitambaa chekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu hafifu huyaathiri macho kidogo kuliko mweupe. Kitu hafifu kisitazamwe moja kwa moja bali pembeni kidogo, kwani sehemu ya jicho iliyo nje ya kitovu chake huhisi mwanga mdogo vizuri zaidi.

Suala la vifaa linahitaji tahadhari, kwa sababu watu wengi hupoteza fedha hapa na kukata tamaa mapema. Darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50, ambapo tarakimu ya kwanza ni idadi ya mara ambazo kitu hukuzwa na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, humfaa mwanafunzi wa nyota kuliko darubini ya bei nafuu ya jicho moja inayotangazwa dukani kwamba hukuza mara 500. Kinachohitajika katika kutazama nyota ni kukusanya mwanga, kazi inayofanywa na upana wa lenzi. Ukuzaji uliopita kiasi huleta taswira ya giza inayotikisika. Sharti moja halina msamaha: darubini ya aina yoyote isielekezwe kamwe kwenye Jua bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele ya lenzi, kwani jicho huweza kupofuka kabla maumivu hayajahisiwa, na watoto wanaoachiwa darubini mchana ni lazima wasimamiwe na mtu mzima.

Safari yenyewe inaanzia kwenye mkanda wa Jabari, ule mstari wa nyota tatu zenye mng'ao unaokaribiana, ambao huchomoza karibu sawasawa na mashariki na kutua karibu sawasawa na magharibi, kwa kuwa umelalia juu ya ikweta ya anga. Katikati ya Januari, saa mbili usiku, mtazamaji anayeelekea mashariki ataukuta ukiwa umekwisha kupanda zaidi ya nusu ya anga. Upande wa kushoto wa mkanda kuna nyota kubwa yenye rangi ya chungwa, Betelgeuse, na upande wa kulia kuna nyota nyeupe isiyo na wekundu wowote, Rigel. Hapo ndipo mahali pa kujifunzia kusoma rangi, na ni vema kutumia muda wa kutosha kwa zoezi hili, kwa kuwa rangi ni kipimajoto cha nyota: uso wa Rigel una joto la nyuzi kama 12,000 za Selsiasi, uso wa Jua una 5,500 na uso wa Betelgeuse una takriban 3,300 tu. Mwenye darubini anaweza kuzidisha utofauti huo kwa kuiharibu kidogo makusudi shabaha ya lenzi, ili nukta itanuke kuwa duara dogo ambalo jicho hulitambua rangi kwa urahisi.

Kulia kwa mkanda, kuelekea Rigel, kuna safu fupi ya nyota hafifu iitwayo upanga wa Jabari, na katikati yake pana doa la ukungu linaloonekana hata kwa macho matupu. Doa hilo ni Nebula ya Jabari, iliyo umbali wa miaka ya nuru 1,350 hivi. Mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja, karibu kilomita trilioni 9.5, na nebula ni wingu la gesi na vumbi lililotanda kati ya nyota. Hapa ndipo nyota zinapozaliwa. Sehemu za wingu la namna hiyo ambazo ni nzito na baridi, zenye joto la chini ya nyuzi 250 za Selsiasi chini ya sifuri, huanza kuporomoka zenyewe kwa uvutano, na baridi ina umuhimu wake kwa sababu gesi iliyopoa haina msukumo wa kutosha wa kuupinga uvutano huo. Kadiri bonge la gesi linavyojikunja ndivyo kitovu chake kinavyopata joto, na maada iliyobaki hujipanga kuwa sahani inayozunguka, ambamo baadaye sayari huweza kujengeka. Darubini ya angani iitwayo Hubble imepiga picha za sahani nyingi za aina hiyo ndani ya nebula hii. Kitovu kinapofikia joto la nyuzi milioni kadhaa, myeyungano wa hidrojeni huanza, na hapo ndipo inaposemwa kwamba nyota imezaliwa. Kwa nyota yenye tungamo la Jua matayarisho hayo huchukua makumi ya mamilioni ya miaka, ilhali nyota nzito huyamaliza kwa haraka zaidi. Bonge lenye tungamo lisilofika asilimia 8 hivi ya lile la Jua halifiki kamwe kwenye kiwango hicho. Hubaki kuwa kibete cha kahawia, kitu kilicho kati ya sayari na nyota, kinachopoa polepole kwa muda wote uliosalia.

Ni haki msomaji aonywe kwamba nebula hii, ambayo katika picha huonekana kwa wekundu na zambarau za kupendeza, jichoni huwa ya kijivu, pengine yenye ukijani kidogo. Picha hizo si za uongo. Zimekusanya mwanga kwa dakika au saa nyingi, wakati ambapo jicho la mwanadamu haliwezi kuutunza mwanga wala kutambua rangi ya kitu hafifu. Ndani ya ukungu huo darubini ndogo ya jicho moja huonyesha nyota nne zilizokaribiana sana, zijulikanazo kama Trapezi, ambazo umri wake hauzidi miaka milioni chache. Iliyo nzito zaidi kati yake ina tungamo la zaidi ya Jua mara 30, na mionzi yake ndiyo inayoifanya nebula nzima ing'ae.

Kutoka mahali pa kuzaliwa, mtazamaji aufuate mstari wa mkanda kuelekea juu, upande wa kaskazini-magharibi, apite nyota ya rangi ya chungwa iitwayo Aldebaran na kusimama kwenye kishada kidogo cha nyota zilizosongamana. Hicho ni Kilimia, ambacho wakulima na mabaharia wa pwani wamekitumia tangu zamani kutambua majira. Macho ya kawaida huhesabu nyota sita, na darubini ya macho mawili hufichua makumi, ingawa kishada chote kina nyota zaidi ya 1,000. Zote zilizaliwa pamoja kutoka wingu moja, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na katika kipimo cha nyota huo ni ujana. Umbali wake ni miaka ya nuru 440 hivi, maana yake mwanga unaoingia jichoni leo uliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi maana ya kundi la rika moja hatapata mfano bora kuliko huu: nyota zake zinazong'aa ni za samawati na nzito, bado zipo kwa sababu muda haujapita mwingi, na wingu lililozizaa limekwisha kutawanyika.

Hatua ya makamo, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, haihitaji maelezo mengi, kwa kuwa nyota iliyo katika hatua hiyo hubadilika kidogo sana. Jua lipo hapo tangu miaka bilioni 4.6 iliyopita na limebakiwa na miaka ipatayo bilioni 5. Katika anga la Januari mfano wake ni Shira, ambayo kwa kigeni huitwa Sirius, nyota yenye mng'ao mkubwa kuliko nyota zote za usiku, inayopatikana kwa kuufuata mkanda wa Jabari upande wa pili, kuelekea kusini-mashariki. Ni jirani wa karibu, umbali wa miaka ya nuru 8.6 tu, na tungamo lake ni takriban mara mbili ya Jua.

Uzee huonekana vizuri zaidi kwenye Aldebaran. Hidrojeni ya kitovu inapokwisha, kitovu hujikunja na kupata joto zaidi, hidrojeni iliyo katika tabaka linalokizunguka huanza kuungana kwa kasi, na tabaka za nje husukumwa mbali hadi nyota inavimba kuwa jitu jekundu, yaani nyota pana sana yenye uso uliopoa kiasi. Aldebaran ina tungamo linalozidi kidogo lile la Jua, lakini upana wake ni zaidi ya mara 40. Kwa hiyo mtu anayeitazama anaiona takriban sura ya Jua kama litakavyokuwa baada ya miaka bilioni kadhaa, litakapozimeza sayari za Utaridi na Zuhura na huenda dunia pia. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hakuna nyota inayostahili kutazamwa kwa utulivu zaidi kuliko hii, na inasikitisha kwamba vitabu vingi vya shule huitaja kwa jina tu, vikihamia upesi kwenye milipuko.

Baada ya hatua ya jitu jekundu, nyota ya kiasi cha Jua huyapeperusha matabaka yake ya nje, na kitovu kitupu hubaki kama kibete cheupe, mabaki yenye ukubwa wa dunia yasiyo na myeyungano wowote ndani yake. Kibete cha aina hiyo kimejificha kando ya Shira. Mwaka 1844 Friedrich Bessel, baada ya kuona kwamba Shira huyumbayumba kidogo katika mwendo wake, alitangaza kwamba ina mwenzi asiyeonekana, na mwaka 1862 Alvan Graham Clark alimwona mwenzi huyo alipokuwa akiijaribu lenzi mpya nchini Marekani. Darubini ya macho mawili haiwezi kumtenga na mng'ao wa Shira, lakini inafaa kumfikiria kwa makini, kwa kuwa historia yake ni uthibitisho wa kanuni ya tungamo: nyota hizi mbili zilizaliwa pamoja, na iliyokuwa nzito zaidi, yenye tungamo la Jua kama mara 5, ndiyo iliyotangulia kufa, ikaacha kibete chenye maada kama ya Jua zima iliyobanwa ndani ya tufe dogo kidogo kuliko dunia. Mwaka 1930 kijana wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, akiwa melini kutoka India kwenda Uingereza kusoma, alikokotoa kwamba kibete cheupe hakiwezi kuhimili uzito wake kikizidi mpaka fulani, ambao leo huwekwa kwenye Jua 1.4 hivi. Hesabu hiyo, iliyopingwa vikali na baadhi ya wakubwa wa fani wa wakati ule, ndiyo iliyofungua mlango wa kuelewa vifo vya nyota nzito, na Chandrasekhar alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983.

Betelgeuse inangoja kifo cha aina hiyo ya pili. Umri wake ni wa miaka ipatayo milioni 10 tu, lakini tayari imezeeka. Imevimba kiasi kwamba, kama ingewekwa mahali pa Jua, uso wake ungepita mzunguko wa Mirihi. Nyota nzito namna hii, baada ya hidrojeni kwisha, huunganisha heli kuwa kaboni na oksijeni, kisha huendelea na elementi nzito zaidi, kila hatua ikiwa fupi kuliko iliyotangulia, hadi silikoni inayogeuzwa kwa siku chache kuwa elementi za jamii ya chuma. Hapo mlolongo hukatika, kwa sababu kuunganisha viini vya chuma hakutoi nishati bali huitumia, na kitovu kilichokosa tegemeo huporomoka katika muda usiofika sekunde moja. Tabaka za nje hurushwa angani kwa mlipuko uitwao supanova, ambao kwa wiki kadhaa huweza kung'aa kama nyota bilioni kwa pamoja. Msomaji asitishwe na vichwa vya habari vinavyotangaza kila mara kwamba Betelgeuse italipuka usiku wa leo: wakati wake unaweza kuwa ndani ya miaka 100,000 ijayo, na kwa umbali wake wa miaka ya nuru zaidi ya 500 mlipuko huo hautaidhuru dunia.

Badala ya kungoja mlipuko, mtazamaji anashauriwa kufanya kazi yenye faida halisi ya kisayansi isiyohitaji kifaa chochote, nayo ni kuupima mng'ao wa Betelgeuse kila wiki kwa kuulinganisha na Aldebaran na Rigel na kuandika matokeo daftarini pamoja na tarehe na saa. Mng'ao wake hupanda na kushuka, na kati ya mwisho wa 2019 na Februari 2020 ulishuka sana hata watu wa kawaida wakauona upungufu huo kwa macho. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba nyota hiyo ilikuwa imetema wingu la gesi lililopoa na kuwa vumbi lililoukinga mwanga wake. Daftari la misimu mitatu au minne litamfundisha mwanafunzi mengi kuliko sura nzima ya kitabu.

Anayetaka kuona masalia ya supanova ayatafute karibu na ncha ya pembe ya kusini ya kundi la Ng'ombe, kundi lenye Aldebaran, ingawa hapa atahitaji darubini yenye lenzi au kioo cha sentimita 10 hivi na anga lenye giza. Mahali hapo, mwezi Julai mwaka 1054, Wachina waliandika habari za nyota mgeni iliyoonekana mchana kwa siku 23. Leo pana Nebula ya Kaa, wingu linalozidi kutanuka, na katikati yake nyota nyutroni, yaani kitovu kilichobanwa hadi upana wa kilomita kama 20, kinachojizungusha mara 30 kwa sekunde. Nyota za aina hiyo zilijulikana kwanza kwa mapigo ya mawimbi ya redio ambayo Jocelyn Bell, aliyekuwa mwanafunzi wa utafiti Cambridge, aliyagundua mwaka 1967.

Kitovu kikizidi tungamo ambalo hata nyota nyutroni haiwezi kulihimili, kiasi cha Jua mbili au zaidi kidogo, hakuna nguvu inayojulikana ya kuzuia anguko lake, na matokeo yake ni shimo jeusi, ambalo hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake. Shimo hilo halionekani kwa jicho lolote, lakini gesi inayoporomoka kuelekea ndani yake hutoa eksirei, na katika kuzitafuta pwani ya Afrika Mashariki ina nafasi ya heshima ambayo wakazi wake wengi hawaijui. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Uhuru. Vipimo vyake vya chanzo cha eksirei kiitwacho Cygnus X-1 vilikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo uliokifanya kikubalike kuwa shimo jeusi, ambalo sasa linakadiriwa kuwa na tungamo la Jua mara 21. Walimu wa Malindi na Kilifi wanaofundisha sayansi wangefanya vema kuanzia hapo.

Usiku huohuo wa Januari, mtazamaji akigeuka kusini ataona, kama anga lake ni la giza, wingu hafifu lisilosogea na upepo. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000, ambamo mwezi Februari 1987 ilionekana supanova ya karibu kuliko zote tangu darubini ivumbuliwe. Saa chache kabla ya mwanga wake kuonekana, mitambo iliyokuwa chini ya ardhi huko Japani, Marekani na Urusi ilinasa nyutrino zipatazo 25, chembe ndogo mno zisizo na chaji, zilizotoka moja kwa moja kwenye kitovu kilipokuwa kikiporomoka. Kwa mara ya kwanza nadharia ya anguko la kitovu ilipata ushahidi kutoka ndani ya nyota yenyewe.

Yapo mambo mawili ambayo msomaji anapaswa kuyakataa anapoyasikia. La kwanza ni kuviita vimondo nyota zinazoanguka, ilhali kimondo ni chembe ya vumbi au jiwe dogo linaloungua katika angahewa kilomita kama 100 juu ya vichwa vyetu. La pili, linalorudiwa hata na watu waliosoma, ni kwamba nyingi kati ya nyota zinazoonekana zimekwisha kufa na kilichobaki ni mwanga wao tu. Nyota zinazoonekana kwa macho matupu, karibu zote, zipo ndani ya miaka ya nuru elfu chache, na kwa kuwa maisha ya nyota huhesabiwa kwa mamilioni na mabilioni ya miaka, muda ambao mwanga hutumia njiani ni mfupi mno kuweza kuleta tofauti. Yumkini zote zinazoonekana usiku wa leo zingali hai.

Jabari inapozama magharibi mwezi Mei, mwanafunzi asiifunge darubini yake, kwa kuwa katikati ya mwaka, wakati wa kipupwe, kuna jambo moja ambalo anga la Januari haliwezi kulionyesha, nalo ni kundi la nyota lililozeeka kweli. Katikati ya Juni, saa mbili usiku, atazame kusini na kuzitafuta nyota mbili kali zilizo kushoto kwa Msalaba wa Kusini. Kutoka ile iliyo karibu zaidi na Msalaba apige mstari kuelekea juu hadi nyota inayofuata yenye mng'ao wa wastani, kisha auendeleze mstari huo kwa umbali unaokaribia uleule, na hapo darubini itamwonyesha mpira wa ukungu uitwao Omega Centauri. Ni kishada cha nyota zipatazo milioni 10, umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi, na nyingi kati ya nyota hizo zina umri unaokaribia miaka bilioni 12. Wanafalaki hukadiria umri wa vishada kama hivi kwa kuangalia kisichokuwepo: nyota nzito za samawati zilikwisha zamani, zikafuatwa na za wastani, na uzito wa nyota kubwa kuliko zote ambazo bado zinaunganisha hidrojeni kwenye kitovu ndio unaotaja muda uliopita tangu kishada kizaliwe.